Taya, Meno na Eksirei: Namna ya Kukadiria Jinsia ya Marehemu Asiyejulikana

Mwezi Oktoba 1873 msafara uliingia Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora wa leo, ukiwa na mzigo uliofungwa kwa nguo na magome ya mti. Ndani ya mzigo huo ulikuwamo mwili wa Daktari David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo leo ni Zambia. Waliouchukua, wakiongozwa na Chuma na Susi, walikuwa wameuzika moyo wake huko huko, kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua. Luteni Cameron, Mwingereza aliyekutana nao Unyanyembe, aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa, wakaendelea kwa njia ya misafara hadi Bagamoyo, walikofika mwezi Februari 1874. Safari yote ilikuwa ya zaidi ya kilometa 1,500.

Mwili ulipofika London mwezi Aprili 1874, uso haukuweza tena kumtambulisha mtu. Ilibidi ithibitishwe kwamba huyu ndiye Livingstone, na si mtu mwingine. Sir William Fergusson, bingwa wa upasuaji, aliutazama mfupa wa mkono wa kushoto, ulio kati ya bega na kiwiko. Alikuta mahali ambapo mfupa ulivunjika zamani usiunge sawasawa, ukafanya kiungo cha uongo. Jeraha hilo lilikuwa likifahamika: mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, Livingstone alishambuliwa na simba aliyemvunja mkono huo. Shaka ikaondoka, na tarehe 18 Aprili akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Wakati huo eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Hata hivyo kisa hiki kina msingi wote wa elimu ya kuwatambua marehemu: jambo linaloonekana katika mwili hulinganishwa na jambo lililojulikana kabla ya kifo. Makala haya yanaeleza tawi moja la elimu hiyo, yaani namna picha za eksirei za taya na meno zinavyotumika kukadiria kama mifupa iliyopatikana ni ya mwanamume au ya mwanamke. Yanaeleza pia kwa nini jibu la picha hizo ni la uwezekano, wala si la hakika.

ALAMA YA MTU NA KIPIMO CHA KUNDI

Ushahidi unaopatikana katika mifupa ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni alama ya mtu mmoja, kama ule mfupa wa Livingstone. Ni vigumu sana kupata mtu mwingine mwenye mvunjiko wa namna ile, mahali pale pale, katika mkono ule ule. Namna ya pili ni kipimo cha kundi, yaani urefu, upana au uwiano ambao watu wengi wanaweza kuwa nao.

Mfano wa namna ya pili unapatikana katika historia ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kilichukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaka fuvu hilo lirudishwe, lakini halikupatikana kwa miaka mingi. Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, Ujerumani. Huko mafuvu yalichambuliwa kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wake na ule wa jamaa za Mkwawa, na likachaguliwa moja lililokuwa pia na tundu la risasi. Fuvu hilo lilirejeshwa Uhehe mwaka 1954, na limehifadhiwa Kalenga. Uwiano wa fuvu uliwasaidia wachunguzi kupunguza idadi ya mafuvu ya kutazamwa, lakini kwa kuwa watu wengi wana uwiano huo huo, peke yake usingeweza kutaja jina la mtu.

Kukadiria jinsia kwa eksirei ya taya ni kazi ya namna hii ya pili. Mwanafunzi alishike jambo hili tangu mwanzo, maana makosa mengi hutokea pale kipimo cha kundi kinapochukuliwa kana kwamba ni alama ya mtu.

KWA NINI TAYA NA MENO?

Mfupa unaotambulisha jinsia vizuri zaidi ni nyonga, kwa sababu nyonga ya mwanamke ina umbo linalofaa kwa uzazi. Lakini nyonga si mfupa mgumu sana; huvunjika, huoza, na mara nyingine huliwa na wanyama. Meno hudumu. Gamba gumu linalofunika jino, yaani enameli, ni madini kwa kiasi cha asilimia 96 ya uzito wake, na hakuna kitu kingine kigumu kama hicho katika mwili wa binadamu. Jino huweza kustahimili moto, maji na miaka mingi ya kufukiwa ardhini. Taya la chini nalo ni mfupa mnene ambao mara nyingi hupatikana hata pale fuvu lilipovunjika vipande vipande.

Kujua jinsia huifupisha kazi ya mchunguzi. Kama watu mia wametoweka, nusu wakiwa wanaume, jibu sahihi la swali hili moja hupunguza orodha hadi majina hamsini. Makadirio ya umri na kimo huipunguza zaidi. Lakini jibu likiwa la makosa, jina la kweli huondolewa katika orodha, na uchunguzi wote unaofuata huwa unamtafuta mtu asiyekuwamo.

JINSI PICHA INAVYOPATIKANA

Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miali ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Baada ya miezi miwili tu, Januari 1896, daktari wa meno Otto Walkhoff alipiga picha ya kwanza ya meno. Ilimbidi avumilie miali hiyo kwa muda wa dakika 25. Leo kazi hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na kiasi cha miali ni kidogo mno kuliko cha siku zile.

Miali ya eksirei hupenya nyama kwa urahisi, lakini huzuiwa na vitu vyenye kalisi nyingi. Kwa hiyo katika picha enameli huonekana nyeupe sana, dentini iliyo chini yake huwa ya kijivu, na uwazi wa katikati ya jino, wenye neva na mishipa ya damu, huonekana mweusi. Picha ndogo huonyesha meno mawili au matatu. Picha pana, inayopigwa kwa mashine inayouzunguka uso, huonyesha mataya yote mawili kwa pamoja, kutoka sikio hadi sikio.

TOFAUTI ZINAZOTAFUTWA

Mchunguzi hutazama hasa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni upana wa jino la chonge la taya la chini. Kati ya meno yote, hili ndilo ambalo mara nyingi hutofautiana zaidi kati ya wanaume na wanawake. Kwa kawaida upana wake huwa kati ya milimeta 6 na 8, nalo huwa pana zaidi kwa wanaume. Sababu yake inahusiana na kromosomu. Kromosomu ya X huchangia ukuaji wa enameli, ilhali ile ya Y huchangia enameli na dentini pia. Kwa hiyo jino la mwanamume huwa na dentini nyingi zaidi. Lakini tofauti ya wastani ni ndogo, na mara nyingi haifiki nusu milimeta.

Jambo la pili ni kimo cha sehemu ya taya la chini inayosimama wima, kutoka pembe ya taya hadi kwenye kiungo kilicho mbele ya sikio. Wanaume huwa na kimo kikubwa zaidi, kwa kuwa taya lao huendelea kukua kwa muda mrefu zaidi na hushikwa na misuli mikubwa ya kutafunia.

Jambo la tatu ni upana wa taya kutoka pembe ya kulia hadi pembe ya kushoto, pamoja na umbo la pembe zenyewe. Umbo la pembe ni ushahidi dhaifu zaidi kuliko vipimo viwili vilivyotangulia.

Vipimo kadhaa vya taya vinapounganishwa katika hesabu moja, tafiti nyingi zimepata majibu sahihi kati ya saba na tisa kwa kila watu kumi. Kwa watoto vipimo hivi havina nguvu, maana tofauti kubwa za taya hutokea wakati wa kubalehe na baada yake. Kwa wazee waliopoteza meno pia kuna hatari, kwani mfupa wa taya lisilo na meno hupungua na umbo lake hubadilika.

KOSA LINALOTOKANA NA UKUBWA WA PICHA

Picha ya eksirei ni kivuli. Kama kivuli cha mkono kinavyokuwa kikubwa mkono unaposogezwa karibu na taa, ndivyo picha ya jino inavyokuwa kubwa kuliko jino lenyewe. Kwa kutumia pembetatu zinazofanana, mwanafunzi anaweza kuonyesha kwamba:

ukuzaji = umbali kutoka chanzo cha miali hadi filamu ÷ umbali kutoka chanzo hadi jino.

Tuchukue jino lenye upana wa milimeta 7.0. Katika picha ndogo, filamu ikiwa sentimeta 40 kutoka kwenye chanzo na jino likiwa sentimeta 1 mbele ya filamu, ukuzaji ni 40 ÷ 39, na jino litaonekana kuwa na milimeta 7.2 hivi. Katika picha ya upande wa uso, filamu ikiwa sentimeta 120 kutoka kwenye chanzo na jino likiwa sentimeta 12 mbele ya filamu, ukuzaji ni 120 ÷ 108, na jino litaonekana kuwa na milimeta 7.8 hivi.

Kosa hili la milimeta 0.8 ni kubwa kuliko tofauti yenyewe ya wastani kati ya wanaume na wanawake. Mtu asiyerekebisha ukuzaji anaweza kuliita jino la mwanamke jino la mwanamume. Kwa hiyo kila picha ya uchunguzi haina budi kuandikwa umbali uliotumika, au kuwekewa kitu chenye ukubwa unaojulikana, kama gololi ndogo ya chuma, ili kiwe kipimo cha kulinganishia.

KOSA LINALOTOKANA NA HESABU YA UWEZEKANO

Tuseme njia fulani hutoa jibu sahihi mara nane katika kumi, kwa wanaume na kwa wanawake sawasawa. Je, tukiambiwa kwamba mifupa ni ya mwanamke, tuamini kwa kiasi cha asilimia 80? Jibu hutegemea watu waliokuwapo.

Chukua kwanza ajali iliyoua wanaume 50 na wanawake 50. Njia yetu itawaita wanawake watu 40 ambao kweli ni wanawake, pamoja na wanaume 10 kwa makosa. Katika 50 walioitwa wanawake, 40 ni wanawake kweli. Hapa asilimia 80 ni sahihi.

Sasa chukua ajali ya mgodini iliyoua wanaume 90 na wanawake 10. Njia ile ile itawatambua wanawake 8 kwa usahihi, lakini pia itawaita wanawake wanaume 18. Kwa hiyo katika watu 26 walioitwa wanawake, 18 ni wanaume. Usahihi umeshuka hadi asilimia 31 hivi, ingawa mashine na mchunguzi hawakubadilika.

Mfano huu unaonyesha kwa nini mchunguzi mwangalifu hasemi “huyu ni mwanamke” na kuishia hapo. Husema vipimo vinaelekea upande gani na kwa kiasi gani, kisha hutaka kujua ni nani waliokuwa mahali pale.

KIPIMO CHA WATU WENGINE

Ukubwa wa meno na mataya hutofautiana kutoka jamii hadi jamii. Mpaka wa kugawanya wanaume na wanawake uliopatikana kwa kupima watu wa Ulaya au Asia hauwezi kuletwa Unyamwezi na kutumiwa kama ulivyo. Mahali ambapo watu wote wana meno makubwa zaidi, mpaka huo utawaita wanawake wengi wanaume. Na mahali wenye meno madogo, utafanya kinyume. Kila nchi inahitaji vipimo vya watu wake.

Desturi pia huacha alama. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba Wanyamwezi walichonga pengo lenye umbo la pembe kati ya meno mawili ya mbele ya juu. Wamasai walikuwa na desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya taya la chini, na Wajaluo meno sita. Alama hizo zilimwezesha mtu kujua marehemu alitoka katika watu gani, lakini hazikutaja jina lake.

Ipo desturi nyingine inayogusa moja kwa moja jino linalopimwa. Katika sehemu kadhaa za Tanzania na nchi jirani, mtoto mchanga anapopata homa au kuharisha, baadhi ya watu hudhani kwamba ugonjwa unaletwa na “meno ya plastiki”, au “nailoni”, katika ufizi. Uvimbe unaoonekana pale kwa kweli ni chipukizi la kawaida la jino la chonge la utotoni. Likichokolewa kwa kifaa kichafu, mtoto huweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizo ya kumwua, huku ugonjwa wake wa kweli ukiachwa bila tiba. Akipona, jino la chonge la ukubwani huenda lisiote, au likaota likiwa na kasoro. Mchunguzi asiyejua jambo hili anaweza kupima jino lililoharibika utotoni na kulichukua kuwa jino dogo la mwanamke.

VINASABA NA KUMBUKUMBU

Pale ambapo eksirei inaacha shaka, jino lenyewe linaweza kutoa jibu lenye nguvu zaidi. Ndani ya uwazi wa jino na katika dentini hubaki chembe zenye vinasaba. Kinasaba kimoja kinachohusika na ujenzi wa enameli kiko katika kromosomu ya X na ya Y, lakini nakala hizo mbili hazilingani kwa urefu. Katika kipimo kinachotumika sana, ya X hutoa kipande cha herufi 106 za vinasaba na ya Y kipande cha herufi 112. Kwa kawaida mwanamke huonyesha kipande cha namna moja, na mwanamume cha namna mbili. Hata hapa zipo tofauti za nadra, kwani wapo wanaume wachache waliopungukiwa sehemu hiyo ya kromosomu ya Y. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na vipimo vya namna hii hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Lakini kujua jinsia hakumaanishi kujua jina. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, linatambua njia kuu tatu za kuthibitisha marehemu ni nani: alama za vidole, meno na vinasaba. Zote tatu hudai ulinganisho. Picha ya meno ya marehemu, yenye jino lililozibwa, mzizi uliopinda au pengo la gego, haina faida kama hakuna picha au maandishi ya meno yake alipokuwa hai.

Hapo ndipo kazi ya kila siku ya hospitali inapopata uzito ambao mgonjwa hauoni. Picha ya jino linalouma, iliyopigwa katika hospitali kama ile ya rufaa ya mkoa iliyoko Kitete, Tabora, ikiandikwa jina kamili, tarehe na upande wa taya, kisha ikatunzwa, ni kumbukumbu ambayo siku moja yaweza kumrudisha mtu kwa jamaa zake. Ikitupwa, au ikiandikwa jina moja tu, haitamsaidia mtu.

Haja hiyo si ya kufikirika. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, inafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya zamani. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Msagali mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakapoteza maisha. Katika msiba wa namna hiyo familia nyingi humtafuta mtu wao kwa wakati mmoja. Mwili mmoja ukikabidhiwa kimakosa, familia mbili huumia: moja humzika mgeni, na nyingine haipati wa kumzika. Chuma, Susi na wenzao walibeba mwili kwa miezi mingi ili ufike kwa wenyewe, na ulipofika, ni kumbukumbu ya jeraha la miaka 30 nyuma iliyothibitisha kwamba hawakukosea.

ZOEZI LA DARASANI

Zoezi hili halihitaji eksirei. Kwa kutumia kalipa ya mbao yenye ncha butu, pimeni upana wa taya wa kila mwanafunzi, kutoka pembe ya kulia hadi pembe ya kushoto, juu ya ngozi. Kila kipimo kichukuliwe mara mbili na watu wawili tofauti. Chora mstari wa milimeta, weka nukta kwa kila msichana juu ya mstari na kwa kila mvulana chini yake.

1. Je, nukta za makundi mawili zinaingiliana? Ni wanafunzi wangapi walio katika sehemu ya mwingiliano?

2. Chagueni mpaka mmoja wa kugawanya wavulana na wasichana. Ni wangapi watawekwa upande usio wao?

3. Tumieni mpaka huo kwa darasa jingine. Je, makosa yameongezeka? Elezeni sababu, mkikumbuka umri wa wanafunzi.

4. Jino la milimeta 6.6 liko sentimeta 10 mbele ya filamu, na filamu iko sentimeta 110 kutoka kwenye chanzo cha miali. Litaonekana kuwa na upana gani?

5. Katika kundi la wanaume 70 na wanawake 30, njia yenye usahihi wa asilimia 90 itawaita watu wangapi wanawake? Wangapi kati yao watakuwa wanaume?